Pale Haba na Haba Isipojaza Kibaba

Ndugu msomaji, wazee wetu walitufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Usemi huo ni wa kweli kwa mwenye kuweka akiba, na kwa mwenye kujenga nyumba tofali kwa tofali. Lakini liko jambo moja katika maumbile ambapo usemi huo haufai kitu, na jambo hilo lilipata kutuburudisha sote tuliokwenda sinema miaka iliyopita.

Katika ukanda wa filamu, pembeni mwa picha, palikuwa na mstari mwembamba wa sauti. Taa ndogo iliumulika, na mwanga uliopenya ukaangukia chombo cha kioo chenye metali ndani yake. Mwanga huo uling'oa katika metali elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme. Mwanga ulipozidi zilitoka nyingi. Ulipopungua zilitoka chache. Umeme huo uliopanda na kushuka ndio uliotufikia masikioni kupitia vipaza sauti.

Je, mwanga usio na mkono wala nyundo wawezaje kung'oa kitu katika metali?

Mjerumani Heinrich Hertz aliigundua ajabu hii mwaka 1887 mjini Karlsruhe, alipoona kwamba cheche za umeme huruka kwa urahisi zaidi zikimulikwa na mwanga wa cheche nyingine. Mwaka uliofuata, mwenzake Wilhelm Hallwachs alimulika bamba la zinki, madini yale yanayopakwa juu ya mabati yasishike kutu. Bamba lilikuwa limetiwa umeme hasi, na umeme huo ukapotea.

Jaribio hilo laweza kufanywa hata leo. Weka kioo cha dirisha kati ya taa na zinki, na umeme hautapotea tena, ingawa macho yako yaona mwanga kama ule wa awali. Kilichozuiwa na kioo ni miali isiyoonekana, iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani. Sasa ondoa kioo, kisha tumia taa nyekundu. Izidishe mwanga mara mia, uimulike zinki kutwa: haitoki elektroni hata moja. Lakini ile miali isiyoonekana, hata ikiwa hafifu, huzing'oa papo hapo.

Wataalamu walitatizika. Wao waliamini kwamba mwanga ni mawimbi, na mawimbi ya bahari hupiga ukuta kidogo kidogo hadi ukabomoka. Kwa nini mwanga mwekundu usifanye vivyo hivyo?

Jibu lilitolewa mwaka 1905 na kijana wa miaka 26, mtumishi wa ofisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, Uswisi. Jina lake Albert Einstein. Alisema kwamba nishati ya mwanga huja katika mafungu, na ukubwa wa kila fungu hutegemea rangi: nyekundu ina mafungu madogo, urujuani makubwa. Elektroni moja hupokea fungu moja tu.

Wafikirie watoto chini ya mwembe. Wakirusha mchanga, hata ndoo nzima, embe halianguki. Jiwe moja la kutosha huliangusha. Wakizidisha idadi ya mawe, yataanguka maembe mengi zaidi. Wakirusha jiwe zito zaidi, embe litaruka mbali zaidi. Ndivyo ilivyo kwa elektroni.

Wakubwa wengi wa sayansi hawakumsadiki. Mmoja wao, Robert Millikan wa Chicago, Marekani, aliazimia kulipima jambo hilo mwenyewe. Kwa kuwa uso wa metali huchafuka upesi ukiguswa na hewa, alitengeneza chombo kilichoondolewa hewa, chenye kisu ndani yake cha kuikwangua metali ikabaki safi. Baadaye alisimulia kwamba kazi hiyo ilimchukua miaka kumi, na kwamba matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio yake yote. Mwaka 1916 alitangaza kwamba hesabu ya Einstein ni sahihi, ingawa yale mafungu yenyewe bado hakuyakubali. Einstein alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 kwa kazi hii. Millikan naye akapata yake mwaka 1923.

Basi ndugu msomaji, mwanao akikuuliza bamba la umeme wa jua lililo juu ya paa lafanyaje kazi, mwambie habari ya mwembe. Humo elektroni haitoki nje. Hufunguliwa tu ndani kwa ndani, lakini nayo hungoja fungu la kuitosha. Kisha msimulie habari za Millikan, aliyepima kwa miaka mingi akitumaini jibu moja, akapata jingine, na hakulificha.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.