Jengo la serikali ya wanafunzi: hati kwanza, tofali baadaye

Niko Kalangalala, Geita. Vumbi kama kawaida, umeme upo, basi tuandike kabla haujabadili mawazo.

Vijana wa mtaani kwetu wanaosoma vyuo vya Mwanza, Dodoma na Dar wako likizo, na wamekuja na ubishi mmoja ambao umenikaa kichwani: je, mwanafunzi wa chuo kikuu achangishwe pesa ili serikali yake ya wanafunzi ijenge jengo lake yenyewe? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Serikali ya wanafunzi inakaa kwenye chumba cha kuazima, ukumbi inaomba kwa barua, na mkutano ukiwa na harufu ya malalamiko ghafla ukumbi "una ukarabati". Wanaosema hapana nao wanauliza swali fupi tu: mtu anayekula mlo mmoja kwa siku anachangia ukumbi kwa pesa ipi?

Mie sisemi hapana. Nasema bado, na sababu yangu si umaskini wa wanafunzi.

Ila tuanze na huo mfuko, maana hauwezi kurukwa. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi anapewa bumu la kujikimu, ambalo lilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Humo ndani kuna chakula, kodi ya chumba, sabuni, vocha na nauli. Tufanye mchango wa jengo uwe 20,000 kwa mwaka. Hizo ni siku mbili za kuishi. Mtu atasema siku mbili si kitu, na kweli wapo ambao kwao si kitu. Lakini tukumbuke bumu si zawadi. Ni deni, na tangu sheria ya mikopo ilipobadilishwa mwaka 2016 deni hilo linakatwa asilimia 15 ya mshahara pale utakapopata kazi, ukiipata. Kwa hiyo anayechangia jengo kwa pesa ya bumu anachangia kwa mkopo. Atamaliza chuo, ataondoka, jengo litabaki, na deni la ile elfu ishirini ataondoka nalo.

Sasa twende kwenye hesabu ya upande wa pili. Chuo chenye wanafunzi 8,000, kila mmoja 20,000, ni milioni 160 kwa mwaka. Miaka mitatu ni milioni 480. Ni pesa nyingi? Zile hosteli za Mlimani alizofungua Rais Magufuli mwaka 2017, za wanafunzi 3,840, ziligharimu bilioni 10, na watu walishangaa kwamba ni rahisi. Darasa moja la mpango ule wa mwaka 2021, uliojenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa IMF, lilipangiwa milioni 20. Milioni 480 basi ni madarasa 24. Inatosha ukumbi wa kawaida wenye ofisi kadhaa, si lile ghorofa la vioo ambalo wagombea huchora kwenye vipeperushi vya kampeni.

Kwa hiyo inawezekana, na hapa ndipo siwaelewi ndugu zangu wanaosema eti maskini hachangi. Huku Usukumani nani hajaona msaragambo? Shule nyingi za kata zilizoibuka katikati ya miaka ya 2000 zilianza na mama aliyesomba maji kwa ndoo na baba aliyeponda kokoto. Watu wasio na mshahara walijenga madarasa wanayosomea hao hao leo wanaobishana kuhusu elfu ishirini. Kuchangia kwetu si jambo la kigeni.

Lakini huku huku tumejifunza pia kitu kinaitwa boma. Unalijua boma, zile kuta zilizofika usawa wa lenta, hazina bati, ndani mmeota nyasi na mbuzi wanajikinga jua. Wananchi walichanga, wakainua kuta, wakaambiwa serikali itapaua, mwenyekiti akabadilika, mtendaji akahamishwa, daftari la michango likaenda na aliyeenda. Ukimuuliza mzee aliyechanga lile boma ni la nani, anacheka. Serikali za wanafunzi zinabadilika kila mwaka. Rais wa mwaka huu anapiga picha na jembe la kuzindulia, wa mwakani anakuta msingi, wa mwaka wa tatu anaanza mradi wake wa basi. Kama kijiji chenye mwenyekiti wa miaka mitano kinaacha maboma, wao wa mwaka mmoja wataacha nini?

Jambo lingine linaloniudhi kidogo. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, mtoto wa shule ya msingi au sekondari ya serikali harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango. Mchango ni wa hiari. Sawa kabisa. Ila kaka yake aliyeko chuo kikuu, mchango wowote ukishaandikwa kwenye orodha ya ada, usipolipa hupati namba ya mtihani. Nilikosoma mimi (pabaki bila jina) tulilipa ada ya serikali ya wanafunzi kila mwaka kwa mtindo huo, na katika miaka yote mitatu sikuwahi kuona karatasi hata moja inayoonyesha iliendaje. Huo si uchangiaji. Hiyo ni kodi, na kodi ina masharti yake.

Masharti gani? Hapa Geita huhitaji profesa akufundishe. Nenda kwa wachimbaji wadogo uwaulize duara linavyoanzishwa. Kabla sururu haijagusa ardhi inajulikana mwenye leseni ni nani, mwenye duara anayegharamia ni nani, wachimbaji ni akina nani, na mifuko ya mawe ikitoka kila mmoja anachukua mingapi. Wapo wanaodhulumiana, tena sana, lakini hakuna mjinga wa kuingia shimoni huku akisema mgao tutaupanga baadaye. Msomi wa mwaka wa tatu ndiye anayechanga kwanza halafu anauliza baadaye jengo ni la nani!

Na jibu lake, kwa mazingira ya vyuo vyetu vingi, ni kwamba si la wanafunzi. Ardhi ni ya chuo. Serikali ya wanafunzi ni chombo kilicho ndani ya chuo, na katiba yake inapita kwenye mikono ya chuo. Ukijenga juu ya kiwanja cha mwingine bila mkataba umemjengea yeye, hata kama umeandika jina lako mlangoni kwa rangi nyekundu.

Tuseme ukweli, historia yetu inatisha kwenye hili. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewaachia asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi cha huduma. Mwalimu akawafukuza zaidi ya 300, halafu akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. (Kwa hiyo ubishi wa "msomi achangie kiasi gani" una umri mkubwa kuliko wazazi wa wanaobishana leo.) Mwaka 1970 gazeti la wanafunzi la Cheche likafungiwa. Mwaka 1971 rais wa DUSO, Symonds Akivaga, akakamatwa na kurudishwa kwao Kenya. Mwaka 1978 wakaandamana tena, safari hii kupinga nyongeza za marupurupu ya vigogo, na DUSO yenyewe ikafutwa, ikaja MUWATA chini ya vijana wa chama. Mwaka 1990 chuo kizima kikafungwa kwa miezi. DARUSO tunayoijua ni ya baada ya hapo.

Sasa jiulize: kama DUSO ingekuwa na jengo zuri mwaka 1978, lingekuwa la nani asubuhi iliyofuata? Ufunguo ungehamia MUWATA siku hiyo hiyo, na matofali yaliyolipiwa na waliofukuzwa yangewahifadhi waliowekwa badala yao. Tena mabishano makubwa ya Mlimani hayakuhitaji paa. Yalifanyika Revolution Square, uwanja wazi. Na vikao vingi vya maana hadi leo viko kwenye vimbweta, ambavyo havimalizi hata lori moja la mchanga.

Wapo waliofanikiwa kujenga kwa pesa zao, nisije nikaonekana mpinga maendeleo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, Kanada, walipiga kura mwaka 2008 wakakubali kujiongezea ada ili wajenge jengo jipya. Lilifunguliwa mwaka 2015, likiwa limegharimu kama dola milioni 107 za kwao, na sehemu kubwa ilikuwa pesa ya wanafunzi. Ona miaka hiyo: wengi waliopiga kura walikuwa wameshahitimu siku ya kukata utepe. Walikubali kuwalipia wadogo zao. Kwa nini waliweza kuaminiana hivyo? Chama chao kilisajiliwa kisheria tangu mwaka 1928. Kinaingia mikataba kwa jina lake, na kwa jengo lile kilikaa mezani na chuo kama mshirika. Wao walitanguliza karatasi kwa miaka themanini. Sisi tunataka kuanza na kokoto.

Kuna rafiki yangu ana njia ya mkato: "Waombe mgodi." Kweli, kwa marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 kila mwenye mgodi lazima akubaliane na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kurudisha kwa jamii, na hapa Geita tumeona madarasa na zahanati kwa njia hiyo. Kwa zahanati, asante. Kwa ofisi ya watu ambao kesho huenda wakataka kuandika waraka kuhusu fidia ya wanavijiji, hapana. Anayeezeka nyumba yako hutamkemea vizuri. Na wanaosubiri mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ule wa mageuzi ya elimu ya juu ulioanza mwaka 2021, wajue ule ni wa madarasa, maabara na mabweni.

Kwa hiyo ningekuwa mbunge wa bunge la wanafunzi ningepiga kura ya kukataa mchango leo, na papo hapo ningeleta hoja nyingine. Umoja wa wanafunzi uwe na bodi ya wadhamini iliyoandikishwa RITA, kama makanisa, misikiti na taasisi za elimu zinavyofanya. Uingie mkataba wa maandishi na chuo kuhusu kiwanja, wenye kifungu kinachosema jengo linabaki mikononi mwa nani siku uongozi wa wanafunzi ukisimamishwa. Kifungu hicho ndicho chuo kitakachokipinga, na hapo ndipo mtajua kama mnajengewa au mnajenga. Baada ya hapo kura ya wanafunzi wote, si ya wabunge 60, juu ya kiasi, mwaka wa kuanza na mwaka wa kukoma. Mchango usifungamane na mtihani. Hesabu zibandikwe ukutani kila muhula, mahali ambapo hata mwaka wa kwanza anazisoma akipita kwenda kantini.

Kuandikisha wadhamini hakuhitaji lori wala mkandarasi. Serikali ya wanafunzi inayoamini inaweza kukusanya milioni 160 kwa mwaka ianze na hilo muhula ujao. Mimi chuo nilishamaliza na bado nakatwa, lakini siku mtakaponionyesha hiyo karatasi yenye mhuri, elfu ishirini yangu njooni mchukue hapa Kalangalala.