Mchezo wa Maharage

Kule Ihanda, wilayani Mbozi, mwalimu hahitaji vyombo vya gharama kuwaonyesha watoto jinsi viumbe vinavyochujwa na mazingira yao: maharage yatosha. Enyi vijana, tawanyeni juu ya udongo mwekundu maharage mekundu 20 na meupe 20. Mmoja wenu, mithili ya kuku, aokote upesi 20. Kila lililosalia liongezeeni jingine la rangi yake, kisha rudieni. Mekundu yatazidi, wala hakuna lililogeuka rangi: yaliyojificha ndiyo yaliyozaa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa malaria. Klorokwini iliviua vijidudu dhaifu, vilivyoistahimili vikazaana, hata mwaka 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza. Basi, wazazi, mgonjwa na amalize dawa aliyoandikiwa, ijapokuwa homa imekwisha.