Moto wa Nyumba Ufuate Baridi ya Nje

Familia nyingi za mijini siku hizi zina kijana anayesoma au kufanya kazi katika nchi za baridi. Habari anazozileta ni za masomo, za kazi, na mara kwa mara ni za deni la joto. Kwa sisi tunaoishi mwambao deni la namna hiyo ni jambo geni. Lakini nchini Ujerumani, mpangaji hulipa kila mwezi kiasi cha kutangulia kwa ajili ya joto la nyumba, na mara moja kwa mwaka hufanyiwa hesabu. Akiwa ametumia zaidi ya alicholipa, hudaiwa kilichosalia. Basi leo, ndugu msomaji, na tutazame joto hilo linavyopatikana, na kwa nini pengine hugharimu kupita kiasi.

Nyumba nyingi za huko hupashwa joto kwa maji. Katika chumba cha chini kabisa cha jengo huwekwa boila, nayo huchemsha maji kwa gesi au mafuta. Pampu huyasukuma maji hayo hadi kwenye vyuma vya kupasha joto vilivyomo vyumbani. Huko huacha joto lake, kisha hurudi kwenye boila yakiwa yamepoa. Swali kubwa ni hili: maji hayo yawe ya moto kiasi gani?

Mama yeyote jikoni anajua kwamba moto wa kuchemshia maharage sio moto wa kupalilia wali. Nyumba nayo ina kanuni yake. Joto linaloipotea hutegemea tofauti iliyopo baina ya ndani na nje. Ikiwa ndani ni digrii 20 na nje ni digrii 10, tofauti ni digrii 10. Nje ikishuka hadi digrii 10 chini ya sifuri, tofauti ni digrii 30, na nyumba hupoteza joto mara tatu. Tuseme siku hiyo ya baridi kali vyuma vinahitaji maji ya wastani wa digrii 60. Siku ile ya digrii 10, maji ya digrii 37 hivi yangetosha kabisa. Kuyachemsha hadi 60 siku zote ni sawa na kuuacha moto wa maharage ukiwaka chini ya wali.

Kwa sababu hiyo mafundi huweka kipimajoto nje, kwa kawaida kwenye ukuta wa kaskazini ili jua lisikidanganye. Kipimajoto hicho huiarifu boila hali ya hewa, nayo huongeza au kupunguza moto wa maji kwa kufuata mstari uliopangwa na fundi. Baridi ikizidi, maji hupanda moto; hali ikitulia, maji hushuka.

Faida yake ni zaidi ya kuepusha upotevu njiani katika mabomba. Gesi inapoungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo umebeba joto. Boila za kisasa zimeundwa kuugeuza mvuke kuwa maji na kulinyakua joto hilo. Lakini hilo hutokea tu ikiwa maji yanayorudi yamepoa chini ya digrii 55 hivi. Yakirudi yangali moto, mvuke hutoka na joto lake kupitia dohani, na mpangaji hulipia kuwapasha joto ndege wa angani.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kirekebisho cha boila kimo mikononi mwa mwenye nyumba au fundi wake, lakini mlipaji ni mpangaji. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpangaji mmoja akilalamika kwamba chumba chake ni baridi, njia rahisi kwa fundi ni kupandisha moto wa jengo zima. Mlalamikaji hunyamaza, na wote hulipa. Huenda dawa ya kweli ilikuwa kusawazisha mgawanyo wa maji, ili chumba cha mbali nacho kipate sehemu yake.

Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1981 iliagiza kwamba, kwa kawaida, kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama za joto igawanywe kwa kadiri ya matumizi ya kila mmoja. Sehemu inayobaki hugawanywa kwa kipimo kingine, kama vile ukubwa wa makazi. Kwa hiyo hata mpangaji mwangalifu huchangia uzembe wa chumba cha boila. Gesi ilipoadimika mwaka 2022, serikali ya huko ilitoa amri kwamba wenye majengo yanayopashwa joto kwa gesi wakaguliwe mitambo yao kabla ya katikati ya Septemba 2024, pamoja na kuona kama moto wa maji ungeweza kupunguzwa.

Kijana wetu aliyeko huko afanye nini? Asiiguse boila isiyo yake. Aandike pamoja na wapangaji wenzake, waulize mstari wa joto umepangwa vipi na ulikaguliwa lini. Mwenye boila yake mwenyewe ashushe kidogo kidogo, angoje siku moja au mbili kuta zizoee, ndipo aamue. Nyumba ikiwa baridi siku za baridi kali tu, mstari unataka mwinuko zaidi. Ikiwa baridi siku zote, mstari mzima upandishwe kidogo. Lakini maji ya kuogea yanayohifadhiwa katika tangi yasishushwe chini ya digrii 60, kwa maana bakteria wenye kudhuru mapafu huzaliana katika maji ya vuguvugu.

Anayelipia moto ana haki ya kuuliza unawakaje.