BWANA SHAMBA ANASEMA: Biskuti za Karanga kwa Siku ya Sherehe

Mavuno yakisha kuingia ghalani, sherehe huanza. Kuna harusi, kuna ubatizo, kuna Maulidi, kuna kuwapokea vijana waliomaliza shule. Wageni hufika mapema, na wali bado uko jikoni. Wape nini cha kutafuna wakati wanangoja?

Mwezi huu nitakueleza jinsi ya kuoka biskuti ndogo za karanga. Zina sukari kidogo na chumvi kidogo. Huhitaji jiko la umeme. Sufuria, mchanga na makaa vinatosha.

CHAGUA KARANGA KWANZA

Mwaka jana mama mmoja jirani yangu alikuwa anamwoza binti yake. Nilimkuta barazani akichambua karanga. Kulia aliweka nzuri, za kupeleka mnadani. Kushoto aliweka zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu na zenye kuvu.

Nikamwuliza, "Mama, hizi za kushoto ni za nini?"

Akajibu, "Za biskuti za wageni, bwana shamba. Nikizikaanga na kuzitwanga, nani atajua?"

Nikamwambia, "Macho hayatajua, mama. Ini litajua."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kwani moto hauui kuvu?"

Ndugu msomaji, swali lake lilikuwa zuri. Moto huua kuvu, lakini kuvu huacha sumu ndani ya karanga. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Kukaanga na kuoka hakuimalizi. Huwezi kuiona wala kuisikia harufu. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, inaweza kuleta saratani ya ini. Ukiila nyingi kwa mara moja, inaweza kuua.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye sumu hii. Na hapa kwetu, mwaka 2016, sumukuvu iliwapata watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walikufa. Safari hiyo sumu ilikuwa hasa katika mahindi.

Mama yule aliyafikiri maneno hayo. Karanga zile mbovu zilikuwa karibu nusu debe. Ni jasho lake, na kuzitupa kulimwuma. Lakini alichimba shimo akazifukia. Hakuwapa kuku, maana kuku nao hudhurika. Kisha akachota vikombe viwili kutoka fungu la mnadani. Hazikutosha wageni wote. Basi biskuti nyingine tukazitengeneza kwa ufuta badala ya karanga. Zote zililiwa zikaisha.

VITU VINAVYOTAKIWA

Unga wa ngano, vikombe 3.
Karanga safi, zilizokaangwa, zikapetwa maganda na kutwangwa, kikombe 1.
Sukari, nusu kikombe.
Siagi, samli au mafuta ya alizeti, nusu kikombe.
Mayai 2.
Chumvi, kijiko 1 cha chai.
Maziwa au maji safi kidogo.

Tumia kikombe kile kile kwa vipimo vyote. Utapata biskuti ndogo kama 50.

JINSI YA KUFANYA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Changanya unga, karanga, sukari na chumvi.

2. Tia mafuta. Sugua kwa vidole mpaka unga uwe kama chenga.

3. Piga mayai, uyatie. Kanda kidogo tu. Unga ukiwa mkavu, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja mpaka ushikamane. Ukikanda sana, biskuti zitakuwa ngumu.

4. Sukuma donge liwe na unene wa kidole chembamba. Kata vipande vidogo kwa kisu au kwa mdomo wa glasi. Nyunyiza chembe chache za chumvi juu. Mgeni akitafuna ataionja chumvi kwanza, kisha sukari.

5. Chukua sufuria kubwa. Tia mchanga mkavu na safi, kimo cha vidole viwili. Weka vijiwe vitatu juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko wa bati, uweke jikoni. Palia makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Ngoja dakika 10 sufuria ipate moto.

6. Panga biskuti kwenye sahani ya bati iliyopakwa mafuta. Iweke juu ya vijiwe, ufunike, upalie tena. Zioke dakika 15 hadi 20. Chungulia baada ya dakika 10. Chini zikianza kuungua, punguza makaa ya chini. Zikiwa na rangi ya kahawia, zitoe. Zitakuwa laini kidogo, lakini zikipoa zitakauka.

Zikisha kupoa kabisa, zitie katika kopo lenye mfuniko. Ukizifunika zingali moto, zitalowa.

Okea nje au mahali penye hewa nyingi. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu. Katika nyumba iliyofungwa huua watu usingizini.

Waambie wageni kwamba biskuti zina karanga, maana wako watu ambao miili yao haipatani nazo.

KINGA HUANZA SHAMBANI

Kuchambua hupunguza sumu sana, lakini hakuiondoi yote. Kwa hiyo msimu ujao fanya hivi:

Ng'oa karanga zikikomaa, usizichelewesha ardhini. Zianike juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu. Zikauke mpaka ukitikisa ganda usikie mlio ndani. Usiloweshe maganda kwa maji ili yamenyeke upesi. Maji hayo ndiyo hualika kuvu. Hifadhi magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Ndugu msomaji, wengi wetu tumezoea kuuza kizuri na kula kibaya. Tunasema tunaokoa fedha. Lakini anayekula kile kibaya ni mwanao, au mgeni uliyemwalika mwenyewe. Kabla hujatwanga karanga zako, zitandaze kwenye ungo, mahali penye mwanga, uzitazame moja moja.

Tuonane mwezi ujao.