Usifomati Laptopu Kwa Sababu Umehama Waifai

Wasee, kuna hii stori inanifikia kwa DM kila mara. Mtu ako na Ubuntu, jana alikuwa Kibera ikifanya poa, leo ako Kawangware na apt imekataa kushusha programu yoyote. Kabla aulize, fundi ashamwambia ifomatiwe kwa soo tano.

Zii. Laptopu iko sawa, kilichobadilika ni mtandao.

Mafunzo mengi ya Linux yameandikwa na watu wenye waifai moja nyumbani, mwaka mzima. Sisi asubuhi tuko hotispoti ya Makina, mchana data ya simu, jioni kwa beshte pale 56. Kwa hivyo jifunze kusoma kosa lenyewe.

Ukiona NODATA, apt iliomba orodha ya pakeji ikapewa ukurasa wa kulipia waifai. Ubuntu kwa kawaida hushusha pakeji kwa http, bila ile s, ndiyo maana hotispoti inaweza kuingilia katikati. Lakini orodha halisi ina saini, na ukurasa wa "nunua masaa mawili" hauna. Apt inakataa, na iko na haki. Ingekubali kila inachopewa, mwenye rauta angekuwekea chochote anachotaka. Hata ujumbe wenyewe unakuuliza kama mtandao unataka uingie kwanza! Fungua brauza, weka vocha, rudi kwa terminali: sudo apt update.

Ile ya prokisi ndiyo hunichekesha. Mimi niliacha chuo, laptopu ikabaki kampasi. Walikuwa wametuwekea prokisi yao, na miezi baadaye apt ilikuwa bado inapiga hodi kule. Brauza inafungua kila kitu, apt inakaa tu, kwa sababu ina faili lake la prokisi. Andika grep -ri proxy /etc/apt, fungua faili litakaloonekana, weka // mbele ya huo mstari.

"Temporary failure resolving" ni DNS. Kama uliiweka kwa mkono, irudishe iwe otomatiki.

Fundi akifomati, nani atalipia data? Faili la Ubuntu 24.04 peke yake linapita GB 5, halafu bado kuna programu zako zote za kushusha upya. Na prokisi ikiwa ndiyo shida, ni mstari mmoja tu ulihitaji kuguswa.

Ukikwama, nitumie maneno ya kosa. Si picha ya laptopu imezimwa, tafadhali.