Mmisionari Asiyepanda Ndege

Huku kwetu Ijumbi, na Muleba yote kwa jumla, neno mmisionari lina rangi. Litamke mbele ya watoto, nao watamfikiria Mzungu aliyeshuka kwenye ndege. Hata akiwa mlei, yaani si padri wala mtawa, aliyekuja kwa miaka miwili au mitatu kufundisha au kutibu, akifika anapigiwa ngoma na akiondoka anachinjiwa mbuzi. Sina ugomvi naye. Ameacha kwao, amekula ndizi zetu, amejitahidi kusalimia kwa Kihaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ugomvi wangu ni na sisi wenyeji. Yuko mmisionari mwingine mlei ambaye hatumpi jina hilo: katekista wa kigango. Padri huja kigangoni mara chache. Jumapili zilizobaki ni nani anayeongoza ibada? Nani anayefundisha watoto komunyo, anayewaandaa wachumba, anayezika wafu mvua ikinyesha na barabara ikiteleza? Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, ni nani aliyeketi kando ya vitanda vya wale waliokimbiwa na ndugu? Hakutoka ng'ambo. Alitoka kibanja cha pili.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya jana. Mwaka 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda, wakavuka ziwa kuja kusini. Waliporudi mwaka 1885 walikuta waumini wameongezeka. Nani aliwafundisha? Walei. Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886, pamoja na wenzake 21 waliotangazwa naye kuwa watakatifu mwaka 1964, hakuna hata mmoja aliyekuwa padri. Misheni ya Kashozi, ya kwanza hapa Bukoba, ilianzishwa mwaka 1892, baada ya walei hao kumwaga damu yao.

Na yuko Adrian Atiman, mtoto wa kandokando ya Timbuktu aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akiwa tabibu na katekista. Alioa huko, akahudumu huko, akafia huko mwaka 1956. Miaka 67! Huyo naye alikuwa mmisionari mlei, tena Mwafrika.

Sasa nieleze kinachoniuma. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na leo nakula pensheni. Namfahamu katekista mmoja, rika langu, wa parokia ambayo sitaitaja. Amefundisha dini zaidi ya miaka arobaini. Baiskeli alijinunulia mwenyewe kwa kahawa yake. Nguvu zilipomwishia alipewa rozari na makofi. Mchuma juani hulia kivulini, husema wahenga. Huyu amechuma juani. Kivuli chake kiko wapi?

Najua nitakavyojibiwa. Watasema kazi ya Mungu ni ya kujitolea. Naam, lakini anayejitolea ni yeye. Sisi tunaopokea tumetoa nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya kazi za kimisionari, ulisema wazi kwamba makatekista wanaofanya kazi hiyo muda wote walipwe ujira wa haki, waishi kwa heshima na kuwa na hifadhi ya jamii. Tarehe 10 Mei 2021, hayati Papa Fransisko alifanya ukatekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa. Basi aliyenyimwa kivuli hakunyimwa na Roma. Amenyimwa na sisi.

Watasema pia kwamba parokia ni maskini. Hapo nacheka kidogo. Umaskini huo huadimika tunapojenga mnara wa kanisa au tunapoandaa jubilei ya padri. Fedha hupatikana kwa kile tunachokiheshimu.

Ushauri wangu si mgumu. Kila jumuiya ndogo ndogo itenge miche ya kahawa, na mavuno yake yawe ya katekista. Halmashauri ya Walei imwandikishe NSSF, ambako hata asiye na mwajiri hupokelewa, na mchango wake usomwe kanisani kila mwezi kama zaka zinavyosomwa. Na siku ya Misioni, mwezi Oktoba, tunapowaombea wamisionari, yeye atajwe kwa jina lake, mbele ya wote.

Wageni waje, na ngoma zipigwe. Lakini watakapoondoka, kigango kitabaki mikononi mwa yule yule mwenye baiskeli kuukuu. Kumwita mmisionari hakutugharimu kitu. Kumtunza kutatugharimu, na deni hilo ni letu.