Kompyuta ikifa, nani anaizika?

Wazazi huniuliza mara kwa mara kama mionzi ya kompyuta inamdhuru mtoto. Jibu langu ni fupi. Kompyuta inayowaka mezani si ya kumkosesha mzazi usingizi, ukiacha macho kuchoka na mtoto kukosa muda wa kucheza. Inayonitia hofu ni kompyuta iliyokufa.

Chukua ofisi ya kawaida hapa Mwanza. Ina kompyuta, printa, pengine mashine ya fotokopi, na chini ya meza kuna UPS, lile boksi zito linaloshikilia mashine umeme unapokatika. Uzito ule ni wa betri, na betri ile ni risasi na tindikali. Ninaposema risasi nina maana ya madini, si ya bunduki. Betri inachoka baada ya miaka michache, inatupwa stoo, na stoo ikijaa vitu vinauzwa kwa kilo. Safari inaishia kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, kama zile tunazozipita Igoma kandokando ya barabara ya Musoma. Huko kuna anayepasua betri kwa shoka na kumwaga tindikali chini. Kuna anayechoma nyaya ili plastiki iungue ibaki shaba. Kuna anayevunja monita ya chogo, ambayo kioo chake peke yake huweza kubeba kilo nzima ya risasi na zaidi.

Siwalaumu vijana hawa. Wanafanya kazi halali ya kutafuta mkate, na bila wao taka hizi zingekuwa mitaroni zikisubiri mvua izisukume ziwani. Lakini jioni wanarudi nyumbani na nguo zilezile, wanambeba mtoto.

Risasi haina kazi yoyote katika mwili wa binadamu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile, na ndiye anayetambaa na kutia vidole mdomoni. Mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi. Ikishaingia, risasi hugusa ubongo, figo na damu, kisha hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mwanamke aliyeivuta utotoni anaweza kuja kumpa mwanawe tumboni, kwa sababu mimba hulegeza akiba ya mifupa.

Ugumu wake ni kwamba haina sura yake. Mtoto anaumwa tumbo, anapata choo kigumu, damu inapungua. Mzazi anafikiri minyoo, na mara nyingi kweli ni minyoo. Mwalimu anasema mtoto hatulii, somo haliingii. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote mpaka kiwango kiwe kikubwa, ndipo inakuja degedege. Madhara kwa ubongo unaokua hayarudishwi na dawa.

Na hapa niseme habari ya maziwa. Wapo mafundi wanaokunywa maziwa baada ya kazi wakiamini yanaosha sumu. Hayaoshi. Mlo wenye kalsiamu na madini ya chuma, kama dagaa wetu wanaoliwa na mifupa yao, pamoja na mboga za majani, husaidia mwili usifyonze risasi nyingi. Iliyokwisha kuingia haitoki kwa glasi ya maziwa.

Wanaodhani haya ni ya mbali watazame Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi pale, alikuta mtoto wake mwenyewe ana risasi kwenye damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha hizo hazimrudishii mtoto akili iliyopotea.

Sasa, mwenye wajibu ni nani? Kwa maoni yangu wajibu unaanza kiwandani. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mbili: moja inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya umeme agharamie kuvikusanya vikifa, nyingine ilipunguza risasi, zebaki na sumu nyingine ndani ya vifaa hivyo kuanzia Julai 2006. Viwanda vililalamika, kisha vikaweza. Kwa hiyo printa ikiuzwa Ujerumani, gharama ya mazishi yake imo ndani ya bei. Printa ya kampuni hiyohiyo ikifika Mwanza, mazishi mara nyingi anaachiwa kijana mwenye toroli. Hiyo si haki.

Hatuna kisingizio cha kukosa sheria. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Bamako, unaokataza kuingiza taka hatari Afrika, na tangu 2021 tuna kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki zinazotaka anayezikusanya awe na kibali. NEMC wana ofisi ya kanda hapahapa Mwanza. Tunachokosa ni mnunuzi anayeuliza.

Wanunuzi wakubwa ni halmashauri, benki, shule, vyuo na hospitali, zikiwemo tunazofanyia kazi sisi madaktari. Kila zabuni ya kompyuta au UPS iwe na kipengele kimoja: muuzaji atachukua kifaa kilichokufa na kuleta hati kwamba kimefika kwa mwenye kibali. Muuzaji atamgeukia mwagizaji, mwagizaji atamgeukia kiwanda. Mzazi uliye kwenye kamati ya shule, uliza kompyuta mbovu za darasa zilikwenda wapi. Jibu likiwa "tuliuza skrepa", lisiishie hapo.

Wakati hayo yakisubiriwa, baba au kaka anayeshika skrepa avue nguo na viatu nje, aoge kabla ya kumshika mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Betri zisipasuliwe wala nyaya kuchomwa uani. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na sakafu ipigwe deki yenye maji badala ya kufagiwa vumbi likaruka.

Kipimo cha risasi kwenye damu hakipo kila hospitali, na daktari asipodokezwa hatakifikiria. Mkimleta mtoto mwenye tumbo lisiloisha au damu isiyopanda licha ya dawa, tuambieni kazi inayofanyika nyumbani na jirani kunachomwa nini. Kikizidi mikrogramu 5 kwa desilita, tunatafuta chanzo na kukiondoa. Dawa ya kutoa risasi mwilini hutumika kwa viwango vya juu zaidi, tena hospitalini.